Mleta Kadi Hii: Lugha ya Harusi za Kilimanjaro

Msimu wa harusi katika miteremko ya Kilimanjaro una kalenda yake. Kwaresima huufunga, Pasaka huufungua, na Desemba huujaza hadi ukafurika, pale Wachaga waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na ng'ambo wanaporejea Machame, Kibosho, Marangu na Rombo kula Krismasi katika vihamba vya baba zao. Lakini harusi huanza miezi mingi kabla ya kengele ya kanisa, nayo huanza kwa maandishi. Huanza kwa kadi ya mchango. Kipande hicho cha karatasi ngumu, chenye pete mbili na maua pembezoni, wapenzi wa fasihi hawajakitupia jicho, ilhali kina kanuni zake, msamiati wake na hata vina vyake, na husomwa kwa umakini ambao diwani nyingi zingeuonea wivu.

Umbo lake halibadiliki sana, Moshi mjini au Dar es Salaam. Kwanza hutajwa familia na mahali ilipo. Kisha hutangazwa furaha: kijana wao mpendwa anatarajia kufunga ndoa. Hapo huja kiungo, nacho aghalabu ni neno "hivyo": hivyo, kwa heshima na taadhima, unaombwa mchango wako wa hali na mali ili kuifanikisha shughuli. Mwishoni mwombwaji huelekezwa amkabidhi mchango mwenyekiti, mhazini au "mleta kadi hii". Jina lake limeachiwa nukta, zikitanguliwa na safu ya vyeo vilivyokwisha kuchapwa, Mheshimiwa, Profesa, Daktari, Bwana, Bibi, ili mwandikaji akate visivyomhusu.

Neno hilo dogo, hivyo, ndilo linalobeba kadi nzima. Linadai kwamba ombi linazaliwa na furaha kama tunda linavyozaliwa na ua. Baina ya nusu hizo mbili hakuna hoja yoyote, ila hakuna anayeuliza, kwa kuwa mshairi wa kadi amekwisha kusonga mbele kwenye "hali na mali". Sikio lililozoea mizani litaidaka mara moja: silabi mbili kwa mbili, kina kimoja, na hali ikitangulizwa mbele ya mali kama ustaarabu unavyotaka. Ila kadi haina mahali pa kuandikia hali. Aliye na mikono ya kuosha masufuria, sauti ya kwaya au mikungu ya ndizi shambani hapati nukta zake. Lililobaki ni mali, na mara nyingine kiwango chake kimepigwa mhuri pembeni: mtu mmoja kiasi hiki, mke na mume kiasi kile.

Kisha iko kadi ya pili, ya mwaliko, yenye karatasi nzuri zaidi na wino wa dhahabu. Hiyo humfikia aliyejibu ya kwanza. Kwa lugha, kadi ya pili ni karimu mno: inafurahi, inakaribisha, inataja ukumbi na saa. Kwa kazi, ni stakabadhi. Hapa ndipo kitenzi cha Kiswahili kinapojeruhiwa. Kualika, kwa maana aliyoirithi kila mzungumzaji, ni tendo la mwenye nyumba: yeye ndiye atoaye, na mgeni hupokea, kisha kwa hiari yake hutuza. Katika mpango wa kadi mbili mgeni hutoa kwanza, mwenyeji hupokea, ndipo neno "karibu" litamkwe.

Kadi ni ya familia, ila kazi yake hufanywa na kamati, yenye mwenyekiti, katibu na mhazini, na vikao vya kila wiki ambavyo ajenda yake kuu ni daftari la safu tatu: ahadi, taslimu, baki. Ahadi ni neno ambalo mashairi ya mapenzi ya pwani yamelitunza kwa karne nyingi. Mpenzi huweka ahadi, huivunja, huililia. Katika daftari la mhazini imekuwa tarakimu inayosubiri kukatwa kwa kalamu nyekundu, na methali isemayo ahadi ni deni, ambayo wahenga waliitoa kama fumbo la uaminifu, husomwa neno kwa neno kama sheria ya biashara. Tangu 2008, fedha zilipoanza kutumwa kwa simu Tanzania, safu hizo zimehamia hadharani. Orodha ya waliotoa na wasiotoa huzunguka katika makundi ya simu, na asubuhi ya Jumatatu kila mtu hulisoma jina la jirani yake na kilichosimama mbele yake.

Mtu anaweza kudhani kwamba huu ni ugonjwa wa tarakimu ulioletwa na mji, na kwamba mlima wa zamani haukuhesabu. Dhana hiyo haisimami. Mila ya ndoa ya Wachaga ilihesabu kwa uwazi ambao ungemtia haya mshairi wa kadi. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri wa Leipzig aliyekaa miongo kadhaa Moshi ya Kale, alijaza kitabu kizima cha sheria za Wachaga mwaka 1926, kisha juzuu tatu za mafundisho ya jando kati ya 1932 na 1938, na katika kurasa hizo ndoa ni mlolongo mrefu wa vitu vinavyopelekwa na kupokewa. Mbuzi huhesabiwa. Mbege, pombe ya ndizi mbivu na ulezi, hupimwa. Mnyama anapochinjwa, kila kiungo kina mwenyewe katika ukoo, na kumpa mtu kipande kisicho chake ni kumtukana.

Tofauti iko katika jina linaloandamana na hesabu. Katika mahari ya mlimani, kama katika mahari ya makabila mengi ya bara, blanketi ni la bibi. Haliwezi kugeuzwa kuwa kiti cha ukumbini. Mbuzi wa mjomba hujulikana kuwa ni wa mjomba hata baada ya kuliwa. Kila kitu kinachotoka mkononi mwa huyu kinamtaja yule, na wote wawili watakumbukana kwa kitu hicho. Kadi hutaja kiwango kisicho na mtu. Anayechangia hajui kama fedha yake ilinunua wali, ilikodi gari lenye maua au ilimlipa mpiga picha, na bwana na bibi harusi, ambao ndio waliochangiwa, hawajui wamwambie ahsante kwa kipi.

Liko pia swali la kuomba kwenyewe. Wachaga wana jani la isale, mmea unaopandwa mipakani mwa vihamba na makaburini kwa wazee. Mwenye kosa humpelekea jani hilo aliyemkosea, na aliyepelekewa hupata taabu kulikataa. Hakuna maandishi juu yake wala heshima na taadhima. Lina uzito kwa sababu anayelileta amekuja mwenyewe, ametembea, amesimama mlangoni na anaonekana uso. Kadi imechukua uzito wa jani hilo ikaacha miguu. Nayo inalazimisha kupita sheria. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inadai taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa kufungwa, na inaiona ndoa kuwa halali hata kama mila ya mahari au ya zawadi haikutimizwa. Ukumbi haimo, wala keki. Wachumba wanaoahirisha ndoa mwaka mzima kwa kungoja daftari lijae wamezuiliwa na karatasi waliyoichapa wenyewe.

Msomaji wa visiwani asiharakishe kucheka. Barua ya posa ya pwani, iliyobebwa na mshenga na kujibiwa kwa barua, ilikuwa tanzu ya heshima yenye salamu, dua na mzunguko wa maneno. Lakini dhahabu, kupambwa, kumbi za kukodi na kanga za sare zinazonunuliwa na shughuli nzima hazikuanzia Moshi. Deni la harusi linafahamika Ng'ambo na Mji Mkongwe kama linavyofahamika Kiboriloni. Pwani ina jambo moja tu la kuufundisha mlima hapa, nalo linahusu mwenye neno. Mwana Kupona, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alipotunga utendi wake mwaka 1858, alimwambia binti yake mmoja, Mwana Hashima, naye akiwa mgonjwa anayejua kwamba siku zake zinahesabika. Mtu anaweza kuyapinga mengi katika mawaidha hayo juu ya mke na mume, na wengi wameyapinga. Hawezi kusema kwamba hayana mwenyewe.

Ukumbini, mwenye neno ni mshereheshaji wa kukodi. Ni fundi, hilo asinyimwe: hujua kuinua meza zilizolala, hujua lini anyamaze muziki upande. Lakini hawajui wazee anaowapa dakika tatu tatu. Kilele cha kazi yake ni kuingia kwa ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa, amesimamishwa kwa miguu yake minne, majani mdomoni, akibebwa kwa mwendo wa ngoma. Ndipo husikika tangazo linalorudiwa harusi hata harusi: hii ndiyo keki ya Kichaga. Kama istiari, imekwenda kinyume. Istiari nzuri hukichukua kitu kigeni ikakileta nyumbani; hii inakichukua cha nyumbani ikakipeleka ugenini, kana kwamba mbuzi asingeeleweka mpaka alinganishwe na unga na sukari. Baada ya hapo hukatwa vipande vidogo, na wazazi wa pande zote mbili hulishwa mdomoni mbele ya kamera. Mzee anayejua ni kiungo gani kilikuwa chake husimama kwenye foleni, hufungua kinywa, na hula alichochomewa na kijiti.

Ziko familia zinazoandika vinginevyo, na wachumba wangefaa kuzitafuta kadi hizo kabla ya kwenda kwa mchapaji. Baadhi hutanguliza mwaliko kwa wote, kisha huacha mchango uzungumzwe kwa mdomo, ndugu kwa ndugu. Nyingine huondoa "hivyo" na kusema wazi: tunahitaji msaada, na hiki ndicho kitakachonunuliwa. Kadi za namna hiyo hazina kina wala taadhima, na huwa na mistari michache. Ukizisoma unajua nani anaomba, anaomba nini, na kwamba kiti chako kipo utoe usitoe. Kwa kipimo chochote cha uandishi hizo ndizo bora.

Siku hizi kadi nyingi haziguswi na mkono. Hutengenezwa kwa programu, jina la mwombwaji likichapwa moja kwa moja mahali pa nukta, cheo kikichaguliwa na mashine, na badala ya mhazini hutajwa namba ya simu pamoja na jina litakalotokea fedha zikitumwa. Hufika usiku wa manane, mtu akiwa kitandani, bila mlango kubishwa wala chai kuchemshwa. Na haishangazi kukuta bado, chini kabisa, kwa herufi zile zile za zamani, agizo kwamba mchango akabidhiwe mleta kadi hii.