Kukwangua na Kufunua: Tahakiki ya Albamu ya Kwanza ya Just A Band

Albamu ya kwanza ya kundi la Just A Band, Scratch to Reveal, ilitoka Nairobi mwaka 2008. Kundi lenyewe lilichipuka miongoni mwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Wapo wanaouita muziki wao roki mbadala, na wapo wanaouita wa kielektroniki, kwa kuwa mashine humtangulia mpiga gitaa. Ubishi huo tuwaachie wanamuziki. Linalotuhusu sisi wa idara za lugha ni swali gumu zaidi: je, kazi ya namna hii ina nafasi katika uhakiki wa Kiswahili, au tuiache ipite kama kelele za vijana wa mjini?

Tukienda Kivaa, kule Masinga, kukusanya nyimbo, aghalabu tunamtafuta mzee. Kijana aliye na redio kando yake hatumuulizi kitu. Hili ni kosa la kitaaluma, wala si la adabu tu. Kijana huyo wa mwaka 2008 alikuwa na ufunguo wa jina la albamu hii kuliko mhadhiri. Maneno hayo ya Kiingereza yanaagiza mtu akwangue ili kilichofichika kionekane, na kwa Mkenya wa wakati ule agizo hilo lilikuwa la kadi ya simu, iliyokwanguliwa kwa ukucha au kwa sarafu hadi tarakimu zitokee. Jina ni la Kiingereza, lakini tendo ni la kioski cha Kivaa.

Hata hivyo, ufundi wa jina hautoshi. Katika albamu hii lugha zimeketi kama abiria wa matatu moja, zimebanana lakini hazijajuana. Wimbo maarufu kuliko nyingine una jina la Kijaluo, Iwinyo Piny, ambamo neno la pili ni nchi au ulimwengu; jina la albamu ni la Kiingereza. Kakai Kilonzo wa Kilimambogo Brothers, aliyefariki mwaka 1987, alianza kwa Kikamba kisha akakichukua Kiswahili ili asikike nje ya Ukambani. Kwake Kiswahili kilikuwa daraja. Vijana hawa hawakuhitaji daraja, maana Kiingereza walikuwa nacho tayari, na kwa hiyo mwanzoni hawakukipa Kiswahili kazi nzito.

Kazi hiyo yaja katika albamu ya pili, 82, ya mwaka 2009. (Jina hili ni la tarakimu tupu. Msikilizaji wa Kivaa aweza kulisoma kwa Kikamba bila kubadili alama hata moja, ingawa Mkenya yeyote atakumbuka pia jaribio la mapinduzi la Agosti 1982.) Humo mna wimbo Usinibore. Tulichambue neno: u- ya mtendaji, -si- ya kukanusha, -ni- ya mtendwa, kisha kitenzi cha Kiingereza kilichoachiwa tahajia yake ya kigeni. Mtanzania, ambaye kwake kitenzi hicho kimekwisha kuwa kuboa, angesema usiniboe. Lakini itazame ile e ya mwisho. Katika Kiingereza haitamkwi. Katika Kiswahili ndiyo alama ya dhamiri tegemezi, isiyoepukika katika katazo. Herufi moja inatumikia mabwana wawili, na bwana mwenye nguvu ni sarufi yetu.

Katika albamu hiyohiyo mna Ha-He, ambao picha zake za mwaka 2010 zilimfufua shujaa Makmende. Inasemekana watoto wa Nairobi walilipata jina hilo kutokana na tamko la Clint Eastwood katika filamu ya mwaka 1983. Walilifinyanga hadi likaanza kama maktaba na kuishia kwa -nde ya Kibantu. Hakuna kamati ya istilahi iliyowaelekeza.

Kwa maoni yetu, basi, Scratch to Reveal ni kazi ya wajuzi wa sauti ambao walikuwa bado hawajaisikiliza vizuri mitaa yao. Yafaa ifundishwe pamoja na 82, wala si peke yake, na mwanafunzi apewe neno Usinibore alikate viambishi kabla hajaambiwa kwamba lina Kiingereza ndani yake.