Upepo na Njia ya Kupindapinda: Maneno ya Kuusomea Mchoro

Wafasiri wetu wanapoeleza sanaa za kigeni, mara nyingi neno moja huwapoteza kabla hawajaufikia mchoro wenyewe. Tuchukue chapa ya ubao ya Hokusai, msanii wa Kijapani (1760–1849), inayoonyesha mahali paitwapo Ejiri katika jimbo la Suruga. Imo katika mfululizo wa Mandhari Thelathini na Sita ya Mlima Fuji, uliotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1830, ambao, licha ya jina lake, una michoro 46.

Wasafiri wanapita katika njia ipindayo kati ya matete. Upepo umewakuta hapo. Kofia ya mmoja imeruka. Mwanamke amenyang'anywa karatasi zake, nazo zapanda angani pamoja na majani ya miti miwili myembamba. Wengine wameinama, wakishika kofia zao. Nyuma yao Mlima Fuji, uliochorwa kwa mstari mmoja tu, hautikisiki.

Upepo huo tuuiteje? Anayeandika "dhoruba" auharibu mchoro. Dhoruba huvunja milingoti. Hapa hapana hata mvua, na wasafiri wamepatwa na udhia wa dakika moja tu. "Tufani" na "kimbunga" ni mbali zaidi. "Chamchela" huzunguka, hali karatasi hizi zaelekea upande mmoja. Kusi na kaskazi ni za majira. Twapendekeza "upepo wa mkupuo", kwa kuwa mkupuo ni tendo la mara moja lenye nguvu, na kitenzi "kupua" chatoa maana ya kukung'uta. Ndivyo alivyofanyiwa mwanamke yule. (Wingi uepukwe katika vichwa vya habari: kwa "Pepo katika Sanaa" msomaji atatazamia mashetani, au makao ya waja wema.)

Kuhusu njia, "njia ya mviringo" ni kosa, kwani mviringo hurudi ulikoanzia. "Kupindapinda" kwatosha, tena kwazidi kutosha. Katika Kiswahili njia hupinda, mti hupinda, na mgongo wa mzee hupinda. Hokusai naye amevikusanya vitu hivyo katika umbo moja, ingawa njia haikupindwa na upepo. Upepo wenyewe hauonekani. Twausoma katika vitu vilivyopinda, na njia yatuzoeza jicho kabla ya watu kuinama.

Limebaki neno "motifu", ambalo baadhi ya walimu hulibadilisha kwa "dhamira". Hatukubaliani nao. Motifu ni kitu kinachorudiwa na kuonekana. Dhamira ni lile linalokusudiwa kusemwa. Mwaka 1993 Jeff Wall, msanii wa Kanada, aliitunga upya kazi hii kwa picha. Alitumia waigizaji, akapiga picha zaidi ya mia moja kwa muda uliopita mwaka, akaziunganisha kwa kompyuta. Karatasi zaruka vilevile, watu wameinama vilevile, lakini mlima haumo. Kwa Hokusai kipo kitu kimoja kisichoondolewa na upepo; kwa Wall jicho halina pa kutulia. Motifu ni zile zile, dhamira si ile, na mfasiri aliyeyafanya maneno hayo mawili kuwa kitu kimoja hataweza kuieleza tofauti hiyo kwa wanafunzi wake.