Chumba Kitupu

Kwenye depo moja ya Musompo, nje kidogo ya Kolwezi, Kongo, nilimtazama mchimbaji akikataa gunia lake la madini lipandishwe mizani. Aliinama, akafuta vumbi kwenye kioo kwa kidole gumba, akasubiri sindano itulie. Mizani tupu ilikuwa inasoma kilo moja na ushee. Irekebishwe kwanza, akasema, ndipo tupime.

Ufundi huohuo ndio ninaoupenda katika magnetoensefalografia, kazi ya kupima ubongo kwa usumaku wake. Usumaku huo ni hafifu kuliko wa dunia mara milioni mia kadhaa. David Cohen aliunasa kwa mara ya kwanza mwaka 1968 huko Illinois, Marekani, ndani ya chumba kilichokingwa kwa metali.

Mtafiti aliyefundwa vizuri hurekodi kwanza chumba kitupu. Kiti hakina mtu, mlango umefungwa, mashine inasikiliza: lifti ya jengo, lori linalopita barabarani, nyaya za umeme. Kelele hizo zikishajulikana, hazitaitwa fikra za mtu. Kisha mtu anaingia bila mkanda wala hereni. Koili ndogo zinabandikwa kichwani kuonyesha kama amesogea. Elektrodi kando ya macho zinanasa kila anapopepesa. Mwongozo uliochapishwa na Joachim Gross na wenzake mwaka 2013 unataka mtafiti aeleze kila hatua, hata namna alivyoondoa data chafu. Kwangu mimi, heshima yote ya kazi iko hapo, katika kuandika ulichokitupa.

Cohen huyohuyo, mwaka 1973, alionyesha vumbi lenye usumaku ndani ya mapafu ya wachomeleaji. Nawaza mchomeleaji wa Kolwezi akiketi chini ya mashine ile: kila pumzi yake ingefunika usumaku wa ubongo wake.

Huko Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao, Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo wa wakazi 72, watoto wakiwa 32. Hawakuishia hapo. Walikwenda pia mtaa wa jirani usiochimbwa, chumba chao kitupu. Matokeo yalitoka mwaka 2018: watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti mara kumi ya wenzao. Hiyo kumi isingepatikana kama watu wa mtaa ule mwingine, ambao hawakuwa na shimo wala gunia, wasingekubali kujaza vikopo vyao.