Jachwech na Ruoth: Jinsia ya Mungu katika Lugha na Fasihi ya Ukanda wa Ziwa

1.0 Utangulizi

Kila Jumapili, mtaa wa Kibuye mjini Kisumu hukusanya makundi mawili ya watu. Wapo wanaokwenda katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa, na wapo wanaokwenda katika soko kubwa la wazi ambalo siku yake kuu ni hiyo hiyo. Kanisani, Mungu huitwa Wuoro, yaani Baba, na Ruoth, yaani Mtawala. Kasisi anayeyatamka majina hayo ni mwanamume. Sokoni, wengi wa wanaouza na kulisha familia kwa mikono yao ni wanawake. Majina matukufu ya ibada hayatokani na kazi zao.

Swali la kwa nini Mungu huwazwa kuwa mwanamume limeshughulikiwa zaidi na wanateolojia. Mary Daly alilichambua katika *Beyond God the Father* (1973), na tangu mwaka 1989 wanateolojia wanawake wa Afrika, wakiongozwa na Mercy Amba Oduyoye, wameliweka katika mazingira ya bara hili. Makala haya yanalichukulia swali hilo kuwa la kihakiki. Hoja yake ni kwamba, katika ukanda wa Ziwa Viktoria, uanaume wa Mungu haumo katika sarufi wala katika jina lake. Umo katika uteuzi wa sitiari: sitiari za utawala zimepewa nafasi ya mbele, na sitiari za kazi zimeachwa bila mikono.

2.0 Sarufi Isiyotaja Jinsia

Dholuo haina viwakilishi vinavyotenganisha mwanamume na mwanamke. Neno *en* na kiambishi *o-* humhusu yeyote. Kiswahili nacho ni vivyo hivyo: Mungu huchukua upatanisho wa A-WA, na *a-* ya "ameumba" haielezi jinsia ya mwumbaji. Msemaji wa lugha hizi mbili anaweza kusali maisha yake yote bila sarufi kumtaka aamue kama Mungu ni mume au mke. Kiebrania, Kigiriki, Kiarabu na Kiingereza humtaka aamue, na uamuzi wa kawaida umekuwa wa kiume.

Tofauti hii hudhihirika katika tafsiri. Grace Ogot aliandika *Miaha* kwa Dholuo mwaka 1983. Okoth Okombo akaitafsiri kwa Kiingereza kwa jina *The Strange Bride* mwaka 1989. Kila mahali ambapo matini ya Dholuo humrejelea Mungu kwa kiambishi kisicho na jinsia, Kiingereza humtaka mfasiri achague. Jinsia ambayo haikutamkwa katika matini asilia huzaliwa katika tafsiri, si kwa imani ya mfasiri bali kwa shuruti ya lugha anayoiandikia.

Hapa mhakiki hukabiliwa na kishawishi. Anaweza kuhitimisha kwamba mababu walimjua Mungu asiye na jinsia, na kwamba wageni ndio waliomfanya mwanamume. Anaweza hata kwenda mbali zaidi, akadai kuwa silabi *Nya-* katika jina Nyasaye ni ya kike, kwa vile majina mengi ya wanawake wa Kiluo huanza nayo na *nyar* humaanisha binti wa fulani. Hoja hiyo haisimami. Nyamgondho wuod Ombare, mvuvi mashuhuri wa visasili vya ziwa hili, ni mwanamume, na jina lake huanza kwa silabi iyo hiyo. Isitoshe, jina Nyasaye limevuka mipaka ya lugha; Abaluhya wanalo, na Abagusii husema Nyasae.

Okot p'Bitek, aliyefanya kazi Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1960, aliwashutumu wasomi wa Kiafrika waliowavisha miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki ili waonekane na heshima mbele ya Wazungu. Mhakiki anayemvisha Nyasaye vazi la Mama Mkuu bila ushahidi anarudia kosa lile lile kwa kitambaa kipya.

3.0 Majina ya Utawala

Kama sarufi haisemi, basi ni nini kinachosema? Ni nomino. Ruoth alikuwa kiongozi wa watu kabla ya ukoloni, na chifu aliyeteuliwa na serikali ya kikoloni aliitwa kwa jina hilo pia. Neno hilo lilipopewa Mungu lilibeba kiti, amri na mwili wa mtu aliyezoeleka kukikalia kiti hicho. Katika Kiswahili neno lenye uzito huo ni Bwana. Bwana ni mume wa mtu, ni mwenye mali, alikuwa mmiliki wa mtumwa na, baadaye, mzungu mwenye shamba. Biblia ya *Union Version* ya mwaka 1952 ililichapa kwa herufi kubwa mahali pa jina takatifu la Kiebrania. Jinsia ambayo kiambishi *a-* kiliiacha wazi ikaletwa na nomino.

Hata hivyo, lawama haiwezi kutupiwa tafsiri peke yake. Katika hadithi "The Rain Came", iliyomo katika mkusanyiko wa *Land Without Thunder* (1968), Grace Ogot anasimulia ukame unaotaka Oganda atolewe kafara kwa zimwi la ziwani. Ujumbe unatoka kwa Podho, babu wa kabila. Unapokewa na mganga Ndithi katika ndoto. Unafikishwa kwa Labong'o, mtawala na baba wa msichana. Katika mnyororo huo wote hamna sauti ya mwanamke, na mwili unaodaiwa ni wa mwanamke. Hakuna mmisionari katika hadithi hii. Nguvu zisizoonekana huwa za kiume kwa sababu wanaoruhusiwa kuzisemea ni wanaume. Sarufi inaweza kunyamaza huku utaratibu wa jamii ukisema kwa sauti kubwa.

Ushahidi wa mbali unaunga mkono hoja hii. John Mbiti, katika utafiti wake wa dhana za Mungu barani Afrika uliochapishwa mwaka 1970, anaonyesha kuwa Wanuba wa kusini, wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, humtaja Mungu kuwa Mama Mkuu. Mahali ambapo ukoo na urithi hupitia kwa mama, na jina la Mungu hupitia huko.

4.0 Majina ya Kazi

Nyasaye ana jina jingine: Jachwech. Hutafsiriwa kuwa Muumba, na tafsiri hiyo ni sahihi. Lakini kitenzi *chweyo* ni kitenzi cha ufinyanzi pia, na miongoni mwa Waluo ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Mtu asemapo *chweyo agulu*, yaani kufinyanga chungu, anayeonekana akilini ni mwanamke aliyeketi mbele ya udongo. Nabii Yeremia alipokwenda nyumbani kwa mfinyanzi ili aelewe kazi ya Mungu, alimkuta mwanamume. Sitiari hiyo inapohamia kando ya ziwa hili, mikono inabadilika. Ni ajabu kwamba badiliko hilo halijasomwa.

Mhakiki hana budi kuwa mwangalifu hapa pia. Okot anasimulia jinsi makasisi wa Kiitaliano, mwaka 1911, walivyowauliza wazee wa Acholi ni nani aliyewaumba. Kwa kuwa lugha haikuwa na kitenzi cha kuumba mbali na kufinyanga, swali lilisikika kana kwamba wazee wanaulizwa nani aliyewafinyanga. Lilikuwa swali lisilo na maana, kwa sababu binadamu huzaliwa na mama zake. Waliposhurutishwa kujibu, walitaja Rubanga, nguvu iliyoaminika kuwapinda watu mgongo, na jina hilo likawa la Mungu wa Wakristo.

Kisa hiki kinatoa mafunzo mawili. Kwanza, huenda Jachwech kwa maana ya Muumba wa ulimwengu limekuzwa na tafsiri za Kikristo. Kwa hiyo haliwezi kuwa ushahidi wa mungu-mke wa kale. Pili, jibu la kwanza la wazee, kwamba mtu huzaliwa na mama, ndilo lililowekwa kando ili jibu linalotakiwa lipatikane. Uzazi haukuhesabiwa kuwa chanzo cha kutosha.

Kisasili kilicho msingi wa *Miaha* kinaweza kusomwa kwa mwanga huu. Jembe la kimungu lililima lenyewe, na ilikatazwa kulilimia kwa mkono. Nyawir, bibi arusi, akalima nalo, na tangu hapo binadamu hula kwa jasho. Usomaji wa kawaida humweka karibu na Hawa, mwanamke aliyeleta taabu. Lakini Nyawir pia ndiye anayeitia mikono ya binadamu katika kazi iliyokuwa ya Mungu. Kosa lake na uumbaji ni tendo moja.

5.0 Hitimisho

Mafundisho rasmi yenyewe hayamtaki Mungu awe mwanamume. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inasema wazi kwamba yeye si mwanamume wala si mwanamke. Picha ya kiume hubebwa na lugha ya ibada na na wale wanaoitamka. Legio Maria, kanisa lililoibuka Nyanza mnamo 1963 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, lilimpa Mama Maria mweusi nafasi ya juu sana. Hata hivyo ukasisi ulibaki mikononi mwa wanaume, naye Aoko akatengana na uongozi. Kuongeza sura ya kike mbinguni hakubadilishi mnyororo wa wasemaji duniani.

Kwa hiyo mhakiki wa fasihi ya ukanda huu asitafute mungu-mke aliyefichwa katika silabi. Ayatazame majina yote ambayo lugha imempa Mungu, aulize ni yapi yaliyopandishwa madhabahuni na ni yapi yaliyobaki maneno matupu. Jachwech hutamkwa kila Jumapili na watu wanaopikia vyungu vilivyofinyangwa na wanawake. Jina wanalo, wanachokosa ni usomaji unaoiona mikono iliyomo ndani yake.