Mikono ya Njiani

Kabalo, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mji uliozaliwa na njia. Reli iliyoanzia hapa ilifika Kalemie, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1915, wakati mji huo bado ukiitwa Albertville. Mpaka leo njia za chuma zinakutana hapa kutoka Kamina, Kindu na Kalemie, na mto Lualaba unapita kando. Kwenye ramani utadhani hakuna mji wa Mkoa wa Tanganyika unaofikika kirahisi kama huu. Kisha umuulize mama wa kijiji cha ndani, mwenye mtoto wa homa ya siku ya tatu, hospitali kuu ya rufaa inafikiwaje. Atakutajia kinga, yaani baiskeli kwa Kiswahili cha huku, pikipiki ya kukodi, mtumbwi, tipoyi la kubebwa mabegani, na miguu yake mwenyewe. Treni hataitaja. Treni haina ratiba ya homa.

Ufundi ninaotaka kuusifu unafanyika katika njia hiyo ya kwenda hospitali: kumtibu mtoto mahututi kabla hajaiona hospitali. Katika miji mikubwa kazi hii ina watu wake, wenye ambulansi, sare na redio za upepo. Vijijini Kabalo inamwangukia muuguzi wa kituo cha afya, ambaye kijiji kizima kinamwita munganga. Inamwangukia RECO, mjitoleaji wa afya anayeishi kijijini hapohapo, na mara nyingi inamwangukia mwendesha pikipiki ambaye hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kumbeba mtoto aliyezimia. Hao ndio ambulansi. Na nyuma ya kila mmoja wao anayeijua kazi yuko mtu asiyetajwa, mkufunzi aliyemsahihisha vidole mpaka vikazoea.

Kongo ni ya pili duniani kwa mzigo wa malaria, baada ya Nigeria. Malaria kali ina milango kadhaa ya kumtolea mtoto uhai: degedege lisilokatika, sukari ya damu inayoporomoka, damu yenyewe kuisha mpaka viganja vinakuwa vyeupe. Nimonia ina mlango wake, kuhara kuna wake. Na mara nyingi safari ni ndefu kuliko muda ambao mtoto amebakiwa nao.

Muuguzi ambaye hakufundishwa vizuri, akiletewa mtoto wa namna hiyo, hukimbia. Hukimbilia sindano, hukimbilia dripu, humkaripia mama kwa kuchelewa. Aliyefundishwa huanza kwa kutazama.

Mwangalie anavyohesabu pumzi. Hamnyang'anyi mama mtoto wake. Anamwacha palepale mapajani, kwa sababu mtoto anayelia hupumua kwa kasi ya kilio, na hapo hesabu imeharibika. Anapandisha fulana mpaka kifua na tumbo vionekane. Saa yenye mshale wa sekunde ameisogeza karibu na kifua, ili jicho lione vyote viwili bila kugeuka. Anahesabu dakika nzima. Mwanafunzi mvivu atataka kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, lakini pumzi za mtoto mchanga hazina mwendo mmoja: zinakwenda mbio, zinasita, zinakwenda mbio tena. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi miaka 5 akifikisha 40, hizo ni pumzi za haraka. Kisha macho yanashuka kwenye mbavu za chini. Je, panabonyea ndani anapovuta hewa? Pua zinatanuka? Kuna mkoromo kila anapotoa pumzi?

Dakika hiyo moja ni ndefu kuliko unavyodhani. Barazani kuna kelele, akina mama waliotangulia wananung'unika, shangazi wa mtoto anauliza kwa sauti kwa nini munganga amekaa tu kama mtu anayetazama mpira. Kutulia dakika nzima katikati ya hayo yote, ukiwa unajua fika kwamba mtoto aliye mbele yako anaweza kufa, ni kazi ya moyo mgumu. Mimi huwavulia kofia wanaoiweza.

Baada ya kutazama, mikono inakwenda upesi, kwa mpangilio usiobadilika: njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu, fahamu, upungufu wa maji. Shirika la Afya Duniani liliuandika mpangilio huo katika mafunzo yanayojulikana kwa kifupi kama ETAT, na Afrika ina mkono wake ndani yake. Katika hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliacha kuwaona watoto kwa zamu ya nani amewahi foleni wakaanza kuwaona kwa ukali wa ugonjwa. Vifo vya watoto waliolazwa, vilivyokuwa kati ya asilimia 10 na 18, vikashuka hadi asilimia 6 hadi 8. Kilichobadilika zaidi kilikuwa foleni, chumba, na nani anasimama wapi.

Degedege ndilo linalompima mwanafunzi kuliko yote, maana linatisha kulitazama. Kijijini watu wazima hukusanyika na kila mmoja ana dawa yake: kijiko katikati ya meno, kitunguu puani, mafuta ya taa, maji ya baridi mwilini. Anayejua kazi anaondoa vyote hivyo kwa adabu bila kumfedhehesha bibi aliyevileta. Anamlaza mtoto ubavu ili mate na matapishi yatoke, hampachiki kitu mdomoni, wala hamkandamizi. Anaangalia saa. Anapima sukari ya damu, na kama hana kipimo anachukulia kwamba imeshuka. Pasipo dripu ya glukosi, kijiko kimoja cha chai cha sukari ya dukani, kilicholowanishwa kwa tone moja au mawili ya maji, huwekwa chini ya ulimi na kurudiwa kila baada ya dakika 20. Sukari ileile ya chai. Ni vigumu kumshawishi mtu aliyesafiri kilomita nyingi akitafuta dawa kubwa kwamba hii ni tiba, lakini ni tiba.

Tuna methali mbili ambazo watoto wa shule hupenda kuzigonganisha. Moja inasema haraka haraka haina baraka, nyingine chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Fundi wa kazi hii anazitii zote mbili kwa wakati mmoja, na ugumu wake uko hapo. Asitumie nusu saa kutafuta mshipa wa mtoto aliyepaswa kuwa tayari juu ya pikipiki. Pia asimwage maji mwilini mwa mtoto kwa kuwa tu dripu ipo mkononi. Hili la pili tulilijifunza kwa gharama kubwa. Utafiti ulioitwa FEAST, uliotangazwa mwaka 2011, uliwafuata watoto zaidi ya 3,000 waliokuwa na homa kali na mzunguko hafifu wa damu katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwemo Kilifi, Mbale na Muheza. Waliopewa maji mengi ya haraka ya mshipani, kama vitabu vya nchi tajiri vilivyoelekeza, walikufa zaidi kuliko waliopewa ya kawaida: asilimia 10.5 dhidi ya 7.3 katika saa 48 za mwanzo. Madaktari wengi walikataa kuamini. Tangu hapo, mkufunzi mzuri hutumia muda mrefu kufundisha lini mkono usifanye kitu.

Na mkono unafundishwaje? Kwa mdoli. Asmund Laerdal, mtengenezaji wa vitu vya watoto kutoka Stavanger, Norway, aliyewahi kumwopoa mwanawe mwenyewe majini, ndiye aliyetengeneza mdoli mashuhuri wa kujifunzia kupulizia pumzi mwaka 1960. Aliyemwomba afikirie mdoli huo alikuwa miongoni mwa madaktari wa kizazi cha Peter Safar, na kisa cha Safar kinafaa kukumbukwa Kabalo. Mwaka 1966 binti yake alifariki kwa pumu. Mwaka uliofuata, mjini Pittsburgh, Marekani, alishiriki kuanzisha Freedom House, akafundisha vijana Weusi wa mtaa wa Hill, ambao wengi wao walihesabiwa kuwa hawaajiriki, wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza wa ambulansi duniani wenye mafunzo kamili. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mwendesha pikipiki hawezi kufundishwa kuinua kidevu cha mtoto, mwambie habari za mtaa wa Hill.

Turudi kwenye mdoli. Mtoto mchanga ana kichwa kikubwa na shingo fupi. Ukikirudisha kichwa nyuma sana, kama ungefanya kwa mtu mzima, unaiziba njia ya hewa uliyotaka kuifungua. Mkufunzi anakunja kitambaa, anakiweka chini ya mabega ya mdoli, uso unatazama juu sawasawa. Kisha barakoa: izibe mdomo na pua, isiguse macho. Kisha mfuko wa hewa unabinywa kwa vidole, taratibu, mpaka kifua kinapanda kidogo tu. Mwanafunzi anabinya kwa nguvu ya woga, kifua hakipandi, hewa inavuja shavuni. Tena. Hakipandi. Tena. Mara ya saba au ya nane kinapanda, na utauona uso wa mwanafunzi ukibadilika.

Hapo ndipo semina nyingi huishia. Picha ya pamoja, cheti, posho ya usafiri, kila mtu nyumbani. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, Tanzania, ilitufundisha kwamba hapo hata hatujaanza. Waliwafundisha wakunga siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga apumue. Miezi saba baadaye wakunga wale walikuwa hodari mbele ya mdoli, lakini katika chumba cha kujifungulia, mbele ya mtoto halisi, mambo yalikuwa yaleyale ya zamani. Hospitali haikuwalaumu wakunga. Waliweka mazoezi mafupi ya dakika chache, yanayorudiwa mara kwa mara, palepale pa kazi. Vifo vya watoto wachanga katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015, na mimi nayaona kuwa makubwa kuliko dawa nyingi zilizopigiwa tarumbeta.

Ufundi huu lakini hautoshi ukiachwa peke yake, na anayeusifu bila kusema hivyo anadanganya. Kati ya 2018 na 2020, mradi uitwao CARAMAL ulipeleka artesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa katika vijiji vya Kongo, Nigeria na Uganda, ili mtoto mwenye malaria kali aanze tiba kabla ya safari. Dawa ni nzuri. Hata hivyo, pale ambapo safari haikukamilika, au ilikamilika kwenye kituo kisicho na tiba kamili, vifo havikupungua kama ilivyotarajiwa, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zisitanue matumizi yake mpaka mwongozo zaidi utolewe. Vivyo hivyo mtoto aliyeishiwa damu: hakuna kidole kitakachomtengenezea damu njiani. Ujuzi hapo ni kutambua weupe wa kiganja mapema na kumwondosha saa hiyohiyo.

Na namna ya kumwondosha ni somo lenyewe. Juu ya pikipiki mtoto aliyelegea hubanwa kati ya mgongo wa dereva na kifua cha mama, kanga imefungwa kiunoni. Kila tuta, kichwa kinaanguka mbele na kidevu kinagusa kifua. Hewa inazibwa kimyakimya, na mama haoni kitu ila mgongo wa dereva. Dakika tano za kumfundisha dereva zinatosha: uso wa mtoto uelekee mahali mama anapouona, kidevu kisianguke, simama kila baada ya muda utazame. Barua ya rufaa nayo iandikwe saa ya dawa, kiasi cha dawa na uzito wa mtoto. Inaandikwa kwa Kifaransa. Mama anazungumza Kiluba na Kiswahili. Munganga mwema humsomea mama yaliyomo na kumwambia ayarudie, maana karatasi hulowa mvua.

Kwa hiyo, wenye fedha za afya walioko Kalemie na Kinshasa, pamoja na wafadhili wao, kabla ya semina nyingine ya siku tatu hotelini, wapeni vituo vya afya vya Kabalo mdoli mmoja kila kimoja, mfuko wa hewa wenye barakoa za watoto na saa yenye mshale wa sekunde, na mlipeni mkufunzi wa kuvizungukia. Kila Jumatatu asubuhi, kabla foleni haijajaa, watu wafanye mazoezi dakika kumi, na mwendesha pikipiki wa jirani aitwe ndani naye ashike mdoli.