Mwalimu na Mshindani katika Kumbukumbu za Mkimbiaji

Herb Elliott, mkimbiaji wa Australia, alitoa kumbukumbu zake mwaka 1961 katika kitabu kiitwacho The Golden Mile. Aliyeyatia masimulizi hayo katika maandishi ni mwandishi wa habari Alan Trengove. Msimulizi alikuwa na umri wa miaka 23 tu, na jambo hilo lapasa kuzingatiwa kabla ya lolote. Shaaban Robert, baada ya Maisha Yangu, aliyatazama tena maisha yale yale katika Baada ya Miaka Hamsini. Kitabu cha Elliott hakina mtazamo huo wa pili. Jasho la mbio halijakauka bado, na mwalimu aliyemfunza yungali mbele ya macho.

Mwalimu huyo ni Percy Cerutty, aliyezaliwa mwaka 1895. Afya yake iliharibika mwaka 1939, akajiponya kwa mbio na kwa chakula kisichopikwa, kisha akaanzisha kambi huko Portsea, kando ya bahari. Vijana waliomfuata walilishwa nafaka mbichi, njugu na matunda. Walipandishwa vilima vya mchanga hadi miguu ikakataa, naye mzee akipanda pamoja nao kifua wazi. Saa ya kupimia muda aliidharau. Mjini Roma, mwaka 1960, akiwa na miaka 65, alitoka katika nafasi ya watazamaji akapunga taulo, ishara waliyokubaliana, mpaka askari wakamkamata. Elliott alimaliza mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 35.6, rekodi mpya ya dunia, akimwacha Mfaransa Michel Jazy kwa sekunde 2.8.

Nani asiyependa kisa hiki? Ndiyo maana kimesimuliwa mara nyingi kupita kiasi. Taulo hukumbukwa, maelfu ya hatua mchangani, ambayo hayana kichekesho, husahauliwa. Hapa lugha nayo yahusika. Mitaani Lubumbashi, mtu wa namna hii huitwa kwa neno la Kifaransa. Kiswahili cha magazeti ya Afrika Mashariki humwita kocha. Hakuna kati ya hayo limtoshalo Cerutty, ambaye alifundisha chakula, usingizi na falsafa. Neno mwalimu lamkaribia zaidi, ingawa baadhi ya matendo yake yangemfanya msomaji wa Kiswahili aseme mganga. Mfasiri akimwita mganga atapata kicheko, lakini atakuwa amempokonya Elliott kazi yake mwenyewe, kana kwamba ushindi ulitoka katika dawa.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, iko upande wa washindani. Kati ya mwaka 1957 na 1961 Elliott hakushindwa katika maili wala mita 1500. Msimulizi wa namna hiyo ana udhaifu usioepukika: aliye mbele hamwoni aliye nyuma yake. Tarehe 6 Agosti 1958, mjini Dublin, alikimbia maili kwa dakika 3 na sekunde 54.5. Wa pili, Mwaustralia mwenzake Merv Lincoln, alitumia dakika 3 na sekunde 55.9. Rekodi ya dunia asubuhi ya siku ile ilikuwa ya Mwingereza Derek Ibbotson, dakika 3 na sekunde 57.2. Basi Lincoln alikimbia kasi kuliko binadamu yeyote aliyemtangulia, akashindwa. Watu watano walimaliza chini ya dakika 4 jioni ile. Mmoja wao, Ron Delany, alikuwa bingwa wa Olimpiki ya 1956.

Lincoln naye alikuwa na mwalimu wake, Franz Stampfl, aliyemsaidia Roger Bannister mwaka 1954, na aliyeamini vipindi vilivyopimwa uwanjani, kinyume kabisa cha mchanga wa Cerutty. Ugomvi wa fikra hizi mbili ungeweza kuwa kiini cha kitabu kizima, laiti ungesimuliwa kutoka mgongoni mwa mshindi. Muda mfupi kabla ya Dublin, huko Cardiff, Elliott na Lincoln walivaa rangi moja za Australia wakashika nafasi ya kwanza na ya pili. Kiswahili kina mpinzani, mshindani na mwenzi. Mfasiri wa The Golden Mile atalazimika kuchagua moja kila jina la Lincoln litokeapo, na neno lililofaa Cardiff halitafaa Dublin.