Mbingu Imeshuka Siyu

Dakika kumi na moja! Nilitazama saa nilipokata utepe wa boksi, nikaitazama tena simu ilipoanza kupokea ujumbe wa siku tatu kwa mkupuo mmoja, mlio juu ya mlio, hadi mjomba akauliza kama imeingia kichaa. Dakika kumi na moja tu, na intaneti ikawa inamiminika juu ya paa bapa la nyumba ya mawe huko Siyu, kisiwani Pate, mahali ambapo hata safari ya boti hungoja maji yajae ili ipite mlango wa Mkanda.

Kifaa chenyewe ni Starlink Mini, nami nimekipenda tangu kilipotoka ndani ya boksi. Nilikisafirisha kwenye mkoba wa mgongoni pamoja na nguo zangu. Ni bamba jeupe la takriban sentimita 30 kwa 26, lina uzito wa kilo moja na kidogo, na ruta imo humo humo ndani! Hakuna kisanduku cha pili cha kutafutia nafasi sebuleni. Bamba, mguu wa kulisimamishia, waya, chaja, basi.

Nikachomeka. Kwenye orodha ya waifai likajitokeza jina STARLINK. Nikafungua programu yake kwenye simu, nikaweka jina la mtandao wetu na nenosiri, kisha ikafuata hatua iliyonifurahisha kuliko zote. Programu inakuambia uelekeze kamera ya simu juu, uizungushe taratibu mpaka uipitie mbingu yote. Ukimaliza inakuchorea kuba la anga, na kila palipozibwa panakuwa pekundu. Kuba langu lilikuwa safi isipokuwa ukucha mmoja mwekundu pembeni: mnazi wa jirani. Mishale ikanionyesha nigeuze bamba upande gani na kwa kiasi gani. Nikageuza kidogo, nikageuza tena, likakaa.

Msiudharau ule ukucha mwekundu. Simu ya video ilikuwa ikikatika kwa sekunde moja au mbili, ikirudi, halafu baada ya muda inakatika tena. Setilaiti za Starlink zinazotuletea intaneti hazisimami mahali pamoja. Zinapita kilomita 550 hivi juu yetu kwa mwendo wa kilomita 27,000 kwa saa, na kila moja huonekana kwa dakika chache tu kabla ya kumwachia mwenzake zamu. Aliye zamu akipita nyuma ya kuti, mawasiliano yanakufa. Tulipolihamisha bamba hatua sita hadi pembe ya pili ya paa, nyekundu yote ikatoweka, na kukatika kukaisha.

Na bamba halitikisiki! Hilo ndilo lililonikosesha usingizi usiku wa kwanza. Linafuata chombo kinachokimbia hivyo angani, lakini halina mota wala mhimili unaozunguka. Ndani yake zimepangwa antena ndogo ndogo nyingi, na kila moja hutoa wimbi lake ikitangulia au ikichelewa kidogo sana kuliko jirani yake. Aliyewahi kuvuta juya ataelewa mara moja: upande mmoja ukitangulia kuvuta, juya zima linageuka. Hivyo ndivyo mawimbi yanavyogeuzwa, bila kitu chochote kusogea.

Nilipima kasi, ikapita megabiti 100 kwa sekunde. Nilishangilia, lakini siyo nambari itakayobaki moyoni mwangu. Jaribio halisi lilikuwa jioni, mjomba alipompigia binti yake aliye Maskati. Kwa setilaiti za zamani, zile zinazokaa karibu kilomita 36,000 juu ya Ikweta, sauti hupanda na kushuka safari ndefu mno. Swali na jibu lake hupoteza zaidi ya nusu sekunde njiani, na watu wawili wanaopendana huishia kukatizana maneno na kuombana radhi. Safari hii mjomba alitania, na binti akacheka palepale, kabla mzee hajafunga mdomo. "Baba," akasema, "mbona leo uko karibu hivi?"

Niseme sana kuhusu umeme, kwa sababu hapa ndipo mtu wa visiwani atafaulu au atakwama. Mini inakula wati 25 hadi 40 kwa matumizi ya kawaida, na inapokea umeme wa betri moja kwa moja, volti 12 hadi 48. Betri ya sola ya volti 12 yenye ampea-saa 100 inaweza kuiendesha usiku kucha na kubakiza akiba. Ila nilianza kwa waya mwembamba wa mita kumi, na bamba likawa linazima na kuwaka, linazima na kuwaka. Volti zilikuwa zinapotelea ndani ya waya, zikifika juu ziko chini ya 12. Nunueni waya mnene, uwe mfupi, au wekeni kifaa cha kupandisha volti kando ya betri. Halafu ingieni kwenye mipangilio mzime kipashio cha kuyeyusha theluji, betri isiguswe bure.

Bei? Mini ilipoingia Kenya mwaka 2024 ilitangazwa kwa shilingi 27,000, pamoja na bando la gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300 kwa mwezi. Kwa familia moja ni mzigo. Kwa nyumba nne zinazochangiana ukuta na nenosiri, nauona mzigo huo unabebeka kabisa.

Na setilaiti si ngeni kwa pwani hii. Kusini mwa hapa, kwenye bahari ya karibu na Malindi, kuna majukwaa ya San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, palirushwa hapo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Nilimsimulia mjomba habari hiyo tukiwa tumelala chali juu ya mkeka, jua limezama, tunahesabu nukta zinazovuka nyota bila kumetameta. Alifika ya saba, akaomba simu ampigie binti tena, amwambie naye atoke nje atazame.

Asubuhi nilipopanda paani kufungasha, nilikuta bamba limefungwa kwa kamba ya nailoni, mafundo matatu ya kibaharia, na mjomba amekaa kando yake anakunywa kahawa.

"Lako utanunua jingine, mwanangu," akasema. Nimeshaagiza.